Mgeni Sinagogini Siku ya Upatanisho

Katika mji wa Nairobi, pale barabara ya University Way inapokutana na Uhuru Highway, pana nyumba ya ibada ambayo maelfu ya watu huipita kila siku waendapo kazini, wala wengi wao hawajui ni ya nani. Si kanisa, wala si msikiti. Ni sinagogi la Wayahudi. Sinagogi la kwanza la Nairobi lilijengwa kabla ya Vita Vikuu vya mwaka 1914, na hili lililopo lilijengwa katikati ya miaka ya 1950.

Wayahudi na Kenya wana habari ya zamani. Mwaka 1903 Serikali ya Uingereza iliwapa shauri la kuhamia nchi ya Uasin Gishu, bila kuwauliza wenyeji waliokuwa wakiishi na kulisha mifugo upande ule. Wajumbe watatu waliletwa kuikagua nchi, na mwaka 1905 mkutano mkuu wa Wayahudi uliofanyika Basel, Uswisi, ukalikataa shauri hilo. Hata hivyo jamaa kadhaa walikuja kwa hiari yao wakafanya biashara na kilimo, na katika miaka ya 1930 wakaja wengine waliokimbia mateso ya Ujerumani.

Mgeni asidhani, basi, kwamba Wayahudi wote ni Wazungu. Karibu na mji wa Mbale, Uganda, wako Waafrika waitwao Abayudaya, ambao mkuu wao wa kwanza, Semei Kakungulu, aliishika dini hiyo mwaka 1919. Idi Amin alipotawala katika miaka ya 1970 aliwapiga marufuku, na wale waliosimama imara walisali kwa siri.

Siku iliyo kuu kupita zote kwa watu hawa, popote walipo, ni ile waiitayo Yom Kippur, yaani Siku ya Upatanisho, ambayo huangukia mwezi wa Septemba au Oktoba. Siku hiyo hata Myahudi asiyeonekana sinagogini mwaka mzima huja. Na hutokea mara nyingine kwamba karani, mwalimu au mfanya biashara asiye Myahudi ana rafiki wa dini hiyo, naye hualikwa kuketi pamoja naye. Hapo moyo wa mwalikwa huingia mashaka. Je, nikienda nitakuwa nimeiasi dini yangu? Je, nitaaibika kwa kutojua desturi zao? Nami nitapata faida gani katika sala za lugha nisiyoijua?

KABLA YA KWENDA

Shaka la kwanza ni jepesi kuondoa. Wayahudi hawana desturi ya kuwavuta watu wa dini nyingine waingie katika dini yao, na walimu wao hufundisha kwamba mtu mwadilifu wa taifa lo lote ana fungu lake mbele ya Mungu. Mgeni hatahesabiwa katika wale wanaume kumi watakiwao ili sala ya jamaa itimie, hataitwa kusoma Torati, wala hatavikwa shali ya sala. Kazi yake ni kuketi kwa heshima. Wote wasimamapo, naye husimama. Wapigapo magoti, yeye aweza kubaki amesimama kimya, wala hapana atakayemlaumu. Akisikia dua ambayo hata katika dini yake angeiitikia, aweza kusema Amina.

Kwa habari ya desturi, yafaa mgeni atoe taarifa mapema kwa wenyeji wake, kwa maana siku hizi masinagogi mengi duniani yana walinzi mlangoni, nao hutaka kumjua kila aingiaye. Mkristo amezoea kuvua kofia aingiapo kanisani. Hapa mambo ni kinyume, mwanamume hufunika kichwa, na asiye na kofia huazimwa mlangoni. Katika masinagogi ya desturi ya kale wanawake huketi mahali pao mbali na wanaume. Nguo ziwe za heshima. Mgeni asishangae kumwona mzee mwenye suti nzuri amevaa viatu vya raba: viatu vya ngozi haviruhusiwi siku hiyo, kwa kuwa vilihesabiwa tangu kale kuwa anasa.

Hapo tena mtu aliyezoea kazi ya ofisi hujaribiwa. Kuandika ni kazi, na kazi yote imekatazwa. Hivyo kalamu hubaki mfukoni, simu huzimwa, na picha hazipigwi. Wala mgeni asitie mkono mfukoni akitafuta sadaka, kwa maana hapana sahani ipitishwayo: fedha haishikwi siku hiyo. Sadaka zilikwisha kutolewa kabla ya jua kuchwa.

Na habari ya lugha, mtu ajuaye Kiswahili atashangaa kidogo. Sala ni za Kiebrania, na Kiebrania na Kiarabu ni lugha za ukoo mmoja. Kwa hiyo maneno yetu mengi yaliyotoka kwa Waarabu yana ndugu zao mle ndani. Kippur ni ndugu wa kafara. Sadaka, rehema, malaika na amina, yote yana wenzao katika sala zile. Kitabu nacho hufunguliwa kutoka kuume kwenda kushoto, jambo ambalo watu wa pwani waliosoma chuoni hawataliona geni.

USIKU WA KWANZA

Siku ya Wayahudi huanza jioni, kama vile Ramadhani ianzavyo mwezi unapoandama. Kabla ya jua kuchwa watu hula chakula cha mwisho. Tangu hapo hawali wala hawanywi hata tone la maji kwa muda wa saa ishirini na tano hivi, mpaka nyota zionekane jioni ya pili. Watoto wadogo hawalazimishwi kufunga. Na mgonjwa ambaye saumu yaweza kuhatarisha maisha yake amekatazwa kufunga, kwa kuwa uhai wa mtu ni mkuu kuliko saumu.

Watu huingia, wengi wamevaa nguo nyeupe. Kabati takatifu hufunguliwa, na magombo ya Torati hutolewa. Ndipo mwimbishaji huanza tamko liitwalo Kol Nidre, ambalo ni la lugha ya Kiaramu, akilirudia mara tatu. Mara ya kwanza kwa sauti ya chini, kisha akiiinua zaidi na zaidi. Maana yake ni kuomba kufunguliwa katika nadhiri ambazo mtu aliziweka akashindwa kuzitimiza.

Tamko hilo liliwaletea Wayahudi taabu nyingi huko Ulaya, kwa maana adui zao walisema, Tazameni watu hawa, kila mwaka wanajifungua katika ahadi zao. Nani atakayekiamini kiapo cha Myahudi? Marabi walijibu kwamba nadhiri zifunguliwazo ni zile zilizo kati ya mtu na Mungu wake tu. Ahadi aliyompa jirani, deni aliloandikiana na mwenzake, kiapo alichoapa barazani, hayo hayafunguki kwa wimbo.

DENI LA JIRANI

Hapa ndipo penye kiini cha siku yenyewe, na mgeni asiyelijua jambo hili aweza kukaa sinagogini mchana kutwa asielewe anachokiona. Walimu wa kale wa Wayahudi walifundisha kwamba Siku ya Upatanisho husafisha makosa yaliyo kati ya mtu na Mungu. Lakini makosa yaliyo kati ya mtu na mwenzake, siku hiyo haiyasafishi mpaka kwanza amemridhisha yule aliyemkosea.

Kwa hiyo ibada haikuanzia sinagogini. Ilianzia mlangoni kwa jirani. Tangu sikukuu ya Mwaka Mpya wao hupita siku kumi za toba, na katika siku hizo yampasa mtu kuwaendea aliowadhulumu. Ikiwa alichukua mali, kwanza airudishe, kwa kuwa maneno matamu hayalipi ng'ombe. Ikiwa alimtukana mtu, aende akakiri na kuomba radhi. Mwalimu mkuu Maimonides, aliyeishi Misri katika karne ya kumi na mbili, aliandika kwamba aliyekosewa akikataa, mkosaji huchukua rafiki watatu wakamsihi pamoja. Akikataa tena, huja mara ya pili, na mara ya tatu. Baada ya hapo humwacha, na kosa hurudi kwake yule aliyekataa kusamehe. Na ikiwa aliyekosewa amekwisha kufa, mkosaji huwaleta watu kumi penye kaburi lake, akaungama mbele yao.

Msomaji na afikiri jinsi sheria hiyo ilivyo ngumu. Ni rahisi mtu kupiga magoti gizani na kumwomba Mwenyezi Mungu amsamehe kosa la kusogeza mpaka wa shamba la ndugu yake. Ni vigumu kwenda mchana kweupe kwa ndugu huyo, na mashahidi watatu nyuma yako, na kusema, Mpaka niliusogeza mimi. Ni rahisi karani kutubu moyoni kwa sababu ya mjane aliyezungushwa na kuambiwa njoo kesho. Ni vigumu kumtafuta mjane huyo.

MCHANA WA SAUMU

Asubuhi husomwa katika Mambo ya Walawi habari za mbuzi wawili, mmoja wa Bwana na mmoja wa Azazeli, aliyepelekwa jangwani amebeba dhambi za watu. Baadaye sala hueleza jinsi kuhani mkuu alivyoingia Patakatifu pa Patakatifu mara moja tu kwa mwaka, siku hii. Hekalu la Yerusalemu liliteketezwa na Warumi mwaka 70, na tangu hapo hakuna mbuzi wala kuhani mkuu. Limebaki neno na toba. Wafikapo katika habari hiyo, katika masinagogi mengi watu hupiga magoti wakainama mpaka chini, jambo wasilolifanya siku za kawaida.

Husomwa pia maneno ya nabii Isaya, naye huwakemea wale wale wanaofunga. Awauliza saumu ina faida gani ikiwa mfungaji anagombana na kuwaonea watumishi wake, na kuwaambia kwamba saumu impendezayo Mungu ni kumpa mwenye njaa chakula na kumvika aliye uchi. Njaa ikiwa imekwisha kuuma, maneno hayo huingia kwa njia nyingine.

Mara nyingi mchana kutwa watu husimama na kuungama, wakijipiga kifua polepole kwa mkono. Makosa hutajwa kwa kufuata herufi za Kiebrania, tangu ya kwanza hata ya mwisho, na kila mara husemwa kwa wingi: si mimi nimekosa, bali sisi tumekosa. Hivyo asiyeiba hukiri wizi pamoja na aliyeiba, na mwizi haonekani kwa macho ya watu. Mgeni husikia orodha hiyo, na ingawa si ya kabila lake wala si ya dini yake, hujikuta anahesabu yaliyo yake.

Alasiri huja kitabu cha Yona, na hapa mgeni hupata mahali pake. Mabaharia wanaomwogopa Mungu katika kitabu hicho si Waisraeli. Watu wa Ninawi wanaovaa magunia na kutubu si Waisraeli, na hata wanyama wao walifungishwa pamoja nao. Mwisraeli aliyemo ni nabii mwenyewe, naye ndiye aliyekimbia, kisha akakasirika kwa sababu wageni wamesamehewa. Katika siku yao iliyo takatifu kuliko zote, Wayahudi huchagua kusoma habari za wageni waliotubu vizuri kuliko nabii wao. Wazee wetu walisema, Mgeni njoo, mwenyeji apone.

LANGO LINAPOFUNGWA

Jua linapoinama huanza sala ya mwisho iitwayo Neila, maana yake kufungwa, kama lango la mji lifungwavyo jioni. Kabati takatifu hubaki wazi, na watu hujitahidi kusimama mpaka mwisho, ingawa midomo imekauka na wazee wameshika viti. Mgeni atafanya vema kusimama nao. Kisha pembe ya kondoo dume hupulizwa mara moja, mpulizo mrefu, na siku imekwisha. Watu hupeana mikono na kutakiana heri, huonja kitu, na wako ambao usiku ule ule hupiga mambo za kwanza za kibanda cha matawi kwa ajili ya sikukuu nyingine ijayo baada ya siku chache.

Mgeni hutoka nje hali dini yake ni ile ile aliyokuja nayo. Mkristo amekwisha kuambiwa na Injili kwamba aiache sadaka yake mbele ya madhabahu akapatane kwanza na ndugu yake. Mwislamu amefundishwa kwamba haki ya mja mwenzake haifutwi kwa toba ya faragha. Jambo si geni kwa mtu ye yote. Ila wengi wetu tumelisikia tukaliacha pale pale tuliposikia, na watu hawa wameliwekea tarehe. Haitoshi kusema, Nitakwenda kwake siku moja. Kabla jua la siku fulani halijachwa, mtu awe amekwisha kwenda, akabisha hodi.