Kanuni ya Auni na Mizinga ya Ugalla

Yatajwapo mafundisho ya Kanisa Katoliki juu ya uchumi na siasa, wengi wetu hukumbuka waraka wa Papa Leo XIII wa mwaka 1891, *Rerum Novarum*, uliotetea ujira wa haki na vyama vya wafanyakazi. Waraka ule ulizaliwa kwenye moshi wa viwanda vya Ulaya. Je, una neno lolote kwa watu wa Ugalla, kaskazini mwa Mpanda, ambako hakuna viwanda bali miyombo, mto na nyuki?

Twaona kwamba unalo. Papa Leo alitetea haki ya mtu kumiliki mali, hasa ardhi aliyoitolea jasho. Lakini papo hapo, akimfuata Thomas wa Akwino, alifundisha kwamba mwenye mali aitumie kana kwamba ni ya wote, awe tayari kumshirikisha mhitaji. Mrina asali huelewa jambo hili upesi kuliko mwanachuo. Mzinga alioutengeneza na kuutundika ni wake, lakini maua wayaendeayo nyuki si ya mtu mmoja.

Mwaka 1931 Papa Pius XI, katika *Quadragesimo Anno*, aliieleza kanuni ya auni: lile ambalo jumuiya ndogo yaweza kulitenda, jumuiya kubwa isiinyang'anye, wajibu wa iliyo kubwa ni kuisaidia. Hapa ndipo neno linapochoma. Kwa miaka mingi Ugalla ilikuwa pori la akiba, na warina asali na wavuvi waliingia kwa kibali wakati wa kiangazi. Mwaka 2019 sehemu yake kubwa ilifanywa Hifadhi ya Taifa ya Mto Ugalla, na katika hifadhi ya taifa shughuli za namna hiyo hazina nafasi. Hatusemi kwamba kuulinda mto ni kosa. Kiboko naye ni kiumbe cha Mungu, na mafundisho yale yale huikabidhi dola mafao ya wote. Swali la auni ni jingine: je, wanaoyajua majira ya maua na mapito ya msituni walishirikishwa katika ulinzi huo, au waliambiwa tu watoke?

Msomaji wa Kilutheri atanung'unika kwamba mapapa hawa hutegemea mno sheria ya asili, naye atataka kwanza kufungua 1 Wafalme 21. Na afungue. Atamkuta mfalme aliye tayari kulipa fidia, hata kutoa shamba lililo bora zaidi, na Nabothi anayekataa kwa sababu ya urithi wa baba zake.