Trela la Boti Huoza Likiwa Limeegeshwa

Upepo wa kusi ukianza kukaza baada ya mwezi wa nne, boti nyingi za uvuvi wa samaki wakubwa za Watamu, Kilifi na Mtwapa hupandishwa nchi kavu kungoja bahari itulie. Injini husuuzwa kwa maji matamu, mishipi na vyombo hufungiwa stoo, turubai hutandazwa juu ya boti. Trela lililobeba mzigo wote huo halipati hata ndoo moja ya maji. Linaachwa kwenye nyasi mbichi za masika, na msimu ukirudi gurudumu moja halizunguki, boliti zinakatika mara tu fundi anapozitia spana. Mwenyewe husema trela limezeeka. Kwa mengi niliyoyakagua, uzee haukuhusika. Trela la boti huharibika zaidi likiwa limeegeshwa kuliko likiwa kazini, na anayeelewa sababu yake atahangaika kidogo na rangi na atahangaika zaidi na maji.

Chuma hushika kutu kinapokutana na maji na oksijeni kwa pamoja, na chumvi huharakisha kazi hiyo. Trela likiwa limezama kwenye mteremko wa kushushia boti, maji ni mengi lakini oksijeni inayokifikia chuma ni kidogo, na muda wenyewe ni dakika chache tu. Madhara huanza likitoka. Hapo chuma hubaki kimevikwa utando mwembamba wa maji ya bahari, na oksijeni hupenya utando huo bila taabu. Lita moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi. Jua likikausha maji, chumvi yote hubaki juu ya chuma na ndani ya kila upenyo.

Wengi huamini kwamba trela likishakauka hatari imepita. Haijapita, kwa sababu chumvi ya bahari si ile ya mezani peke yake. Chumvi ya kawaida huanza kuvuta maji kutoka hewani unyevu ukifika asilimia 75 hivi, lakini ndani ya maji ya bahari imo pia kloridi ya magnesi, nayo huvuta maji unyevu ukiwa asilimia 33 tu. Hewa ya pwani yetu hukaa juu ya kiwango hicho karibu mwaka mzima. Kwa hiyo chuma ambacho mkono unakiona kikavu bado kimelowa kwa kadiri inayotosha kutu kuendelea, mchana na usiku, mwezi baada ya mwezi. Ndiyo maana trela linaloshusha boti Ziwa Viktoria, Kisumu au Mwanza, hudumu muda mrefu kuliko pacha wake aliyepelekwa Mombasa au Dar es Salaam, hata kama yalitoka karakana moja na kupakwa rangi moja.

Dawa ya kwanza, basi, ni kuitoa chumvi kabla haijakauka, ndani ya saa moja au mbili tangu trela litoke baharini. Hapa pwani tunakumbana na tatizo ambalo vitabu vya wenzetu wa ng'ambo havilitaji: maji matamu ni ghali, na visima vingi vilivyochimbwa kwenye mawe ya matumbawe karibu na ufuo vina maji ya chumvichumvi. Maji ya kisima cha namna hiyo ni bora kuliko kuacha chumvi ya bahari, lakini maji ambayo ulimi unaonja chumvi yake hayafai kuwa suuzo la mwisho. Ushauri wangu ni kuvuna maji ya mvua kwenye tangi na kuyatumia kwa bomba jipya la mgongoni, lile la lita 16 wanalopulizia wakulima dawa. Bomba hilo linabana matumizi ya maji, na ncha yake inafika mahali ndoo haiwezi kufika: ndani ya mabomba ya mraba, katikati ya mabapa ya springi, nyuma ya vibao vya taa, chini ya zulia linalovika mbao za kulalia boti. Zulia hilo lishughulikie kwa makini kuliko yote. Hunywa maji ya bahari, likayabana juu ya boliti na chuma wiki nzima, na chini yake ndiko ninakokuta mashimo ya kwanza.

Ukikosa maji kabisa wakati wa masika, toa trela nje linyeshewe. Hili huwashangaza watu, lakini chuma chenye chumvi kilichofichwa chini ya banda kinaweza kuliwa haraka kuliko kile kinachooshwa na mvua.

Sasa tuje kwenye zinki. Ukinunua trela la kutumia baharini, nunua lililochovywa zima ndani ya zinki iliyoyeyushwa, ambayo joto lake ni kama nyuzi 450. Lililonyunyiziwa rangi ya fedha muuzaji anaweza kuliita kwa jina lilelile, lakini si kitu kimoja. Kwenye chuma kinene kuliko milimita 6, kiwango cha kimataifa cha uchovyaji kinadai zinki ya wastani wa maikroni 85. Kwenye hewa kali ya ufuoni, zinki hulika kwa maikroni 4 hadi 8 kwa mwaka, kwa hiyo hesabu inakupa miaka kumi hadi ishirini. Hesabu hiyo ni ya sehemu zilizo wazi, zinazopata upepo na mvua. Ndani ya bomba lililoziba haifanyi kazi.

Uzuri wa zinki si kufunika tu. Ikikwaruzwa hadi chuma kikaonekana, zinki iliyo pembeni hujitoa yenyewe iliwe badala ya chuma. Mwingereza Humphry Davy aliutumia utaratibu huu wa kujitoa mapema, mwaka 1824, alipofunga vipande vya zinki na chuma kwenye mabamba ya shaba ya meli za kivita. Shaba ilikoma kuliwa, lakini kwa kuwa ilikoma pia kuyeyuka majini na kuua wadudu, chaza na magugu wakaota tele chini ya meli. Leo boti zetu hufungwa vipande hivyohivyo vya zinki karibu na rafadha. Wapo wanaofunga vipande hivyo kwenye trela pia, wakitegemea vitalilinda uwanjani. Vipande hivyo hufanya kazi vikiwa ndani ya maji pamoja na chuma kinacholindwa. Nje ya maji havifanyi lolote, na pesa hizo zingenunua tangi dogo la maji ya mvua.

Trela jipya lenye zinki inayong'aa lisikimbizwe baharini wiki ya kwanza. Zinki huhitaji muda wa kukaa kwenye hewa kavu, ipigwe na upepo, hadi ijenge ngozi ya kijivu iliyofifia, na ngozi hiyo ndiyo ngao yake. Ikilowekwa kabla ya hapo hutoa unga mweupe na kuanza kupungua. Pia usiipake rangi ya kawaida ya mafuta, ile ya milango na madirisha. Mafuta ya rangi hiyo hugeuka kama sabuni yanapokutana na zinki, na baada ya muda rangi yote hubanduka kama ngozi ya nyoka. Rangi ya chini ya boti yenye shaba nayo iepushwe: ukiipaka boti ikiwa juu ya trela, tandika kitu chini, maana matone yake huitafuna zinki pale yanapodondokea.

Kuna tabia moja nataka iachwe kabisa, ya kulipaka trela oili chafu iliyotolewa kwenye injini. Oili hiyo imebeba asidi na masizi, hudhuru mpira wa sili na matairi, na siku ya kushusha boti huelea juu ya maji yaleyale tunayovua samaki. Mafuta ya sufu ya kondoo yanayouzwa kwa kazi hii, au grisi safi ya majini kwenye boliti na springi, yanashika vizuri zaidi.

Beringi zinahitaji maelezo yake. Ukilivuta trela kutoka mbali, habu hufika ufuoni ikiwa ya moto. Ukiitumbukiza hapohapo, hewa iliyomo ndani hupoa ghafla, hujikunja, na kunyonya maji ya bahari kupitia sili. Grisi inayotoka ikiwa na rangi ya maziwa ni ushahidi kwamba maji yameshaingia. Gusa habu kwa kiganja, subiri ipoe, ndipo ushushe boti. Kabla ya kuliegesha msimu mzima, fungua habu zote, osha, tia grisi mpya, badili sili, na uinue ekseli juu ya matofali.

Wakati wa matengenezo, chukua nyundo ndogo ukagonge trela lote kuanzia mkono wa kuvutia hadi nyuma. Chuma kizima huitika kwa mlio mkavu, kilichooza hutoa sauti butu na magamba huanguka ndani ya bomba. Sikiliza hasa kona za chini, maungio yaliyochomelewa, na mahali springi zinaposhikiliwa. Bomba la mraba lenye ukuta wa milimita 3 linaweza kuwa zuri kwa nje huku ndani limebaki jembamba kama bati, kwa sababu maji yaliyoingia hayana pa kutokea. Kama halina matundu sehemu za chini, toboa.

Kabla ya kushika grainda, osha tena. Wengi huruka hatua hii, na ndiyo inayoamua kama rangi itakaa. Kutu ya baharini imeficha chumvi ndani ya vishimo vyake, na ukisugua kukiwa kukavu unaisukuma ndani zaidi, na baada ya miezi michache rangi mpya inafura malengelenge. Osha kwa brashi ngumu, acha kukauke, sugua, kisha osha tena kwa maji safi. Brashi ya waya ya mashine huing'arisha kutu ikaonekana kama chuma, kwa hiyo malizia kwa msasa mkali hadi uone rangi halisi ya chuma.

Hapo unachagua njia moja. Ukifanikiwa kufikia chuma kitupu, paka rangi yenye zinki nyingi, kwa kuwa chembe zake lazima ziguse chuma ndipo zikilinde. Juu ya kutu au juu ya dawa ya kutu, rangi hiyo ghali inageuka rangi ya kawaida. Kama vishimo ni vya kina na kutu haitoki yote, achana na zinki. Tumia dawa ya kugeuza kutu yenye asidi ya fosforiki au tanini, kisha epoksi ya kuchanganya. Tanini ikigusa kutu huigeuza kuwa kitu cheusi kilichotulia. Ni kemikali ileile iliyomo kwenye magome ya mikoko, na ile inayokamuliwa kutoka miwati ya Njombe kwa ajili ya kutengenezea ngozi. Epoksi ikikaa juani hugeuka unga, kwa hiyo ifunike na rangi inayostahimili jua. Fanya kazi yote siku moja, kuanzia umande ukishakauka, na uache kupaka kabla ya jioni. Chuma kilichosuguliwa na kulazwa nje usiku mmoja pwani huamka kimeshashika kutu.

Penye shimo, rangi haifai. Panahitaji kuchomelewa, na fundi asichome juu ya zinki: aisugue kwanza hadi mbali na mshono. Zinki huchemka kwenye nyuzi 907, kabla chuma hakijayeyuka, na moshi wake mweupe humletea fundi homa na kutetemeka saa kadhaa baadaye. Wengi hudhani ni malaria. Maziwa hayaizuii, kinachosaidia ni kuondoa zinki, kufanyia kazi penye upepo na kuvaa kinga ya pumzi inayofaa. Mkono wa kuvutia uliooza usibandikwe kiraka. Kibati kilichochomelewa juu ya chuma kilicholiwa hushika pembeni tu, na mkono huo ndio unaoshikilia tani nzima ya boti nyuma ya gari kwenye barabara ya Mombasa hadi Malindi, penye bodaboda na watoto wa shule. Ukatwe hadi mahali ukuta wa bomba unapopima unene wake wa awali, uungwe na bomba jipya la unene uleule, utobolewe tundu la maji upande wa chini, ndipo upakwe rangi ndani na nje.