Jikoni nako ni darasa, wavulana nao waingie

Nimefundisha kemia katika shule za upili kwa zaidi ya miaka ishirini. Katika muda huo wote nimewaeleza wanafunzi wangu kwamba sukari ikipashwa moto kupita kiasi huvunjika, maji yakatoka kwa mvuke na kuacha kaboni nyeusi. Hata hivyo, siku niliposimama mbele ya jiko langu mwenyewe, niliitia sukari kikaangoni kabla ya wakati wake, nikaiunguza pamoja na kitoweo cha watoto.

Kisa chenyewe kilitokea mwaka 2011. Mke wangu alikuwa amelazwa hospitalini baada ya upasuaji, nami nikabaki nyumbani na wavulana wetu wawili. Siku tatu mfululizo tulikula chipsi za kununua. Siku ya nne kifungua mimba wangu akaniuliza kwa adabu, bila kejeli yoyote, "Baba, kwani nyinyi hamkufundishwa kupika?" Swali hilo lilinichoma kuliko mafuta ya moto. Nilikuwa na shahada na cheo shuleni, lakini sikuwa na uwezo wa kuwalisha wanangu.

Usiku ule nikakumbuka daftari moja la zamani. Mnamo mwaka 1999 tulikuwa na kijana wa Kijapani shuleni petu, mjitoleaji aliyefundisha hisabati. Jioni alikuwa akijipikia mwenyewe kwenye stovu ya mafuta taa, nasi walimu wanaume tukimcheka kwa kumwona bwana mzima akiparuza tangawizi. Alipofunga safari ya kurudi kwao aliniachia daftari hilo, na ndani yake aliandika maelezo ya chakula kimoja tu: kuku wa teriyaki juu ya wali.

Msomaji mpendwa, jina hilo lisikutishe. Katika Kijapani, "teri" ni mng'ao na "yaki" ni kuchoma au kukaanga. Kwa hiyo teriyaki si jina la chupa inayouzwa dukani, bali ni jina la namna ya kupika: nyama hupakwa mchuzi wenye sukari hadi ikang'aa. Wajapani wenyewe aghalabu hupika samaki kwa njia hii. Na si ajabu, kwani mwaka 675 mfalme wao Tenmu alipiga marufuku ulaji wa ng'ombe, farasi, mbwa, nyani na kuku kwa sehemu ya mwaka, na desturi ya kuepuka nyama ikadumu kwa karne nyingi. Wali ukipakuliwa bakulini na kitoweo kikawekwa juu yake, huitwa donburi, neno ambalo pia ni jina la bakuli lenyewe.

Utaratibu wake ni huu. Chukua nusu kilo ya mapaja ya kuku, uondoe mifupa lakini ngozi uiache. Pembeni changanya vijiko 4 vya mezani vya sosi ya soya, vijiko 4 vya maji, vijiko 2 vya sukari, kijiko kidogo cha siki na kiasi hicho hicho cha tangawizi iliyoparuzwa. Mjapani angetumia sake na mirin, vileo viwili vya mchele, badala ya maji na siki. Kwangu vileo haviingii, na mchuzi haukosi utamu kwa sababu hiyo. Chumvi usiongeze, kwa maana sosi ya soya inayo ya kutosha.

Panga vipande kwenye kikaango chenye mafuta kidogo, ngozi ikiwa chini, kwa moto wa wastani. Baada ya dakika 7 au 8 ngozi itakuwa ya rangi ya kahawia. Geuza, funika, ungoje dakika 5 hivi. Kata kipande kilicho kinene zaidi uhakikishe kwamba nyama haina wekundu ndani. Mwaga mafuta yaliyozidi, na hapo ndipo umimine mchanganyiko wako, wala si mapema. Maji yatapungua, mapovu yatakuwa makubwa na mazito, na mchuzi utang'ang'ania nyama na kumetameta. Epua papo hapo. Dakika moja zaidi ni kaboni, kama nilivyojionea.

Wali wangu ni wa pishori ya Mwea. Mchele wa Kijapani hugandamana kwa sababu una kiasi kidogo cha amilosi, ambayo ni aina mojawapo ya wanga. Pishori inayo zaidi, hivyo punje zake hutengana. Kwa hivyo sisi hula kwa kijiko, si kwa vijiti. Kando ya kuku huweka kabichi na karoti zilizochemshwa kidogo, na juu hunyunyiza ufuta uliokaangwa.

Wapo watakaosema kwamba chakula hiki ni cha kigeni na hakituhusu. Kwani chapati na biriani zilichimbuka wapi? Chakula husafiri, na kila kinapofika hujipatia makao. Huko Seattle, Marekani, Mjapani Toshi Kasahara alifungua mkahawa wa teriyaki mwaka 1976, na kuku juu ya wali akawa chakula cha kila siku cha mji huo.

Walimu wenzangu wanakumbuka mradi wa SMASSE, ulioanzishwa hapa kwetu mwaka 1998 kwa ushirikiano wa Kenya na Japani. Tuliambiwa tufundishe kwa shughuli, kwa kumweka mwanafunzi mbele, kwa majaribio, na kwa kutumia vifaa vilivyopo pale ambapo vya kiwandani vimekosekana. Tuliyakubali hayo maabarani. Mbona tuliyaacha mlangoni mwa jikoni?

Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, sayansi kimu iliingizwa miongoni mwa masomo ya vitendo. Lakini ni wangapi kati yetu tuliowaambia wavulana, kwa maneno au kwa kicheko, kwamba somo hilo ni la wasichana? Mimi nilikuwa mmoja wao. Matokeo yake tunayaona vyuoni: vijana wenye alama za juu wanaoishi kwa chipsi na soda, wakingoja waoe ndipo wale vizuri. Huko si kuelimika, ni kuhamisha mzigo tu.

Mke wangu alipotoka hospitalini, mlo wake wa kwanza nyumbani ulitoka mikononi mwangu. Ilikuwa mara yangu ya nne kujaribu. Alikula polepole, akamaliza bakuli, kisha akanitazama. "Kumbe ulikuwa unaweza miaka yote hii!" akasema. Hadi leo sijui kama maneno yale yalikuwa sifa au lawama. Nadhani yalikuwa yote mawili, na yote mawili niliyastahili.

Basi, mwanafunzi unayesoma makala haya, uwe mvulana au msichana, Jumamosi ijayo omba nafasi jikoni. Nawe mzazi, usimfukuze. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.