Kondoo Anayeishi kwa Kuazima

Kibanda cha Kibo, pale wapanda Kilimanjaro wanapojilaza saa chache kabla ya kuanza safari ya usiku kuelekea kileleni, kiko mita 4,720 juu ya usawa wa bahari. Mgeni akiinama tu kufunga kamba za viatu, anatweta kama aliyekimbizwa. Kichwa kinamgonga, uji haupiti kooni. Katika mwinuko unaokaribia huo, mita 4,500 hivi, uko mji wa Nagqu, kaskazini mwa Tibet, na nyanda zinazouzunguka zimejaa kondoo. Wanachungwa huko mwaka mzima, wanapandana, wanazaa na kunyonyesha.

Hewa ya Nagqu ina oksijeni asilimia 21, sawasawa na ya Tanga. Kilichopungua ni mgandamizo. Uko chini ya asilimia 60 ya ule wa pwani, kwa hiyo kila pumzi huingiza oksijeni kidogo. Mwili usiozoea hujitetea kwa kutengeneza seli nyekundu za damu kwa wingi, na utetezi huo una gharama yake: damu huwa nzito. Uhaba wa oksijeni nao hubana mishipa ya mapafu, na moyo huelemewa. Ng'ombe wa tambarare wakipelekwa kwenye milima ya Colorado, Marekani, baadhi yao huvimba kidari kwa maji yanayotuama moyo unaposhindwa kusukuma damu.

Kondoo wa Tibet hana shida hiyo, na sababu mojawapo ni kwamba damu yake ina kitu cha kuazima.

Kondoo wa kufugwa asili yake ni Asia ya Magharibi, si milima hii mirefu. Uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2019 unaonyesha kwamba mababu wa kondoo wa Tibet walitoka kaskazini mwa China, wakafika ukingo wa kaskazini mashariki wa nyanda za juu za Tibet miaka kama 3,100 iliyopita, kisha wakasogea kusini magharibi miaka kama 1,300 iliyopita, wakiandamana na binadamu. Kwa mageuzi ya viumbe, miaka elfu tatu ni jana tu. Kungoja badiliko jipya la jeni lizuke lenyewe, lifae, kisha lienee kundi zima, ni kungoja sana.

Lakini mlimani walimkuta mwenyeji. Argali ni kondoo mwitu mkubwa kuliko wote. Dume anaweza kupita kilo 150, na pembe zake zimejikunja kama parafujo. Ana kromosomu 56, wa kufugwa ana 54, na hata hivyo wakipandana watoto wao nao huzaa. Kwa njia hiyo vipande vya vinasaba vya argali viliingia zizini. Kimojawapo kiko kwenye jeni ya HBB, inayotengeneza sehemu ya himoglobini, ile protini inayobeba oksijeni kwenye damu. Kingine kiko kwenye RXFP2, jeni inayohusika na umbo la pembe. Himoglobini za kondoo hazifanani: kuna inayoishika oksijeni kwa nguvu na kuna inayoishika kwa ulegevu. Mgandamizo ukiwa mdogo, yenye mshiko hujaza mzigo wake hata mapafu yakiwa na kidogo cha kutoa.

Inavutia kwamba binadamu na mbwa wa nyanda hizo walifanya vivyo hivyo. Watibeti wana aina ya jeni ya EPAS1 inayozuia damu isiwe nzito kupita kiasi, na mwaka 2014 ilibainika kuwa waliirithi kutoka kwa Wadenisova, jamii ya binadamu wa kale iliyokwisha kutoweka. Mbwa wao wakubwa wa ulinzi waliipata ya kwao kwa mbwa mwitu.

Watu wengi huishia hapo, kwenye jeni. Ni kosa, kwani pumzi peke yake haimshibishi kondoo. Nyasi za huko huwa mbichi miezi minne hivi. Kuanzia Oktoba hadi Mei mnyama anatafuna makapi makavu, na juu ya hayo jike huwa na mimba.

Aliyewahi kusafisha utumbo jikoni anaijua ile sehemu yenye manyoya mafupi iitwayo taulo. Hiyo ndiyo ngozi ya ndani ya rumeni, tumbo la kwanza la mnyama anayecheua. Ndani yake bakteria na vijidudu wengine huchachusha nyasi na kutoa asidi nyepesi, ikiwamo ya asetiki, ileile iliyomo kwenye siki. Vile vinyweleo vya taulo huzifyonza, na asilimia kama 70 ya nguvu za mnyama hutoka hapo. Uchachushaji huacha pia haidrojeni. Vijidudu waitwao arkea huigeuza kuwa methani, kondoo anaibeua, nguvu zimekwenda na upepo. Haidrojeni hiyo ikitumika kutengeneza asidi ya propioniki, ini huipokea na kuifanya sukari.

Mwaka 2016 watafiti walilinganisha rumeni za yaki, yule ng'ombe wa milimani mwenye manyoya marefu, na kondoo wa Tibet na zile za ng'ombe na kondoo wa tambarare. Wanyama wa mlimani walitoa methani kidogo na asidi nyingi zaidi, na jeni za kusafirisha asidi hizo kwenye taulo lao zilifanya kazi kwa bidii zaidi. Yaki na kondoo si ndugu wa karibu, ila matumbo yao yamefuata njia moja.

Msomaji mkali atauliza: je, si nyasi tu zinazotofautiana? Ndiyo maana yamefanyika majaribio ya kuwalisha chakula kimoja kondoo wa Tibet na kondoo wa Han wa mkia mdogo, aina inayosifika nchini China kwa kuzaa mapacha. Chakula kilipopunguzwa nguvu, wa Tibet alihimili vizuri zaidi: mwili wake unahitaji kidogo ili kujikimu, na anakimeng'enya chakula kikamilifu zaidi. Protini ikiwa haba, naitrojeni ambayo ingetoka kwenye mkojo hurudishwa tumboni kama yurea, kupitia mate na ukuta wa rumeni, na bakteria huifanya protini tena. Kila mnyama anayecheua anao ujanja huu. Wa Tibet anautumia vizuri kuliko mwenzake wa Han.

Mwanakondoo hazaliwi na bakteria hao. Tumbo lake la kwanza ni dogo na halijaanza kazi; anaishi kwa maziwa. Mama anamlamba uso, yeye anapapasa kiwele kilichochafuka, ananusa samadi, anaonja majani makavu yaliyoguswa na mate ya kundi. Baada ya wiki chache anaanza kucheua.