Masiro ya Kasubi: Neno na Nyumba ya Wafalme wa Buganda

Katika maandishi ya Kiswahili, neno la Kiganda amasiro hufasiriwa kwa kawaida kuwa "makaburi ya wafalme". Tafsiri hiyo si kosa, lakini ina upungufu. Kwa Waganda, kaburi la mtu wa kawaida ni entaana. Amasiro ni ya Kabaka. Tofauti hii haihusu cheo pekee, bali dhana ya kifo. Kabaka hasemwi kuwa amekufa. Husemwa kuwa moto wa Buganda umezimika, kwa kuwa moto unaowaka langoni mwa kasri lake huzimwa anapoondoka. Kiswahili nacho hutumia kutawafu badala ya kufa kwa ajili ya heshima. Kiganda huenda mbali zaidi: hukikana kifo chenyewe.

Historia ya Kasubi, jijini Kampala, yathibitisha jambo hili. Zamani kila Kabaka alikuwa na masiro yake, na taya lake lilitengwa na mwili na kuhifadhiwa mahali pake. Muteesa I aliivunja mila hiyo. Alipofariki mwaka 1884 alizikwa mzima, ndani ya kasri alilolijenga mwaka 1882. Watatu kati ya waliomfuata waliwekwa papo hapo: Mwanga II, aliyefia uhamishoni Shelisheli mwaka 1903 na kurejeshwa mwaka 1910, Daudi Chwa II, mwaka 1939, na Edward Muteesa II, aliyefia London mwaka 1969 na kurejeshwa mwaka 1971.

Wote wanne wamo katika nyumba moja ya nyasi, Muzibu Azaala Mpanga. Nyuma ya pazia la nguo ya magome ya mti ndiko waliko, na mahali hapo huitwa kibira, yaani msitu. Wafalme, basi, wameingia msituni.

UNESCO iliiorodhesha Kasubi kuwa Urithi wa Dunia mwaka 2001. Usiku wa tarehe 16 Machi 2010 nyumba hiyo iliteketea, na mwaka huo huo Kasubi ikatiwa katika orodha ya urithi ulio hatarini, hadi ilipoondolewa mwaka 2023. Lau yangekuwa makaburi tu, jiwe la ukumbusho lingetosha. Waganda waliijenga upya nyumba, kwa kuwa mkazi wake hahesabiwi kuwa maiti.

Kwa hiyo napendekeza Kiswahili kilipokee neno lenyewe, siro kwa umoja na masiro kwa wingi, katika ngeli ya LI-YA. Mfasiri aandikaye "makaburi" humzika mtu ambaye wenyewe hawakumzika.