Ukija Mombasa, ule nini, wapi na saa ngapi? Mwongozo wa chakula kizuri na salama

Likizo inapokaribia, wageni hushuka kwa wingi katika kituo cha reli ya SGR kule Miritini na katika vituo vya mabasi vya Mwembe Tayari. Wengi huwa wameshapanga watalala wapi na wataogelea ufuo gani. Suala la chakula huachwa hadi njaa ianze kuuma, na njaa ni mshauri mbaya. Mgeni mwenye njaa huingia mlango wa kwanza anaouona, akala chipsi na kuku ambao angewapata kokote nchini, kisha akarudi kwao bila kuonja Mombasa. Wengine hurudi na maumivu ya tumbo.

Makala haya yanaeleza jinsi ya kuepuka yote mawili. Kwa kuwa hili ni jarida la kaunti, halitataja wala kupendelea mkahawa wowote. Tutakupa alama za kutazama, ili uweze kuchagua mwenyewe, uwe Mji wa Kale, Likoni, Kisauni au Changamwe. Alama hizo zinamfaa pia mkazi ambaye kila siku hula mchana karibu na kazini.

Anza na saa

Chakula cha Mombasa kina ratiba. Anayeijua ratiba hiyo hula kitu kikiwa kimetoka jikoni sasa hivi, na anayeikosa huuziwa kiporo.

Asubuhi ni zamu ya mahamri kwa mbaazi. Mahamri mazuri hukandwa kwa tui la nazi na iliki, na mbaazi hupikwa kwa nazi hadi rojo liwe zito. Nenda mapema. Kufikia saa nne hivi, wapishi wazuri huwa wamemaliza sufuria.

Mchana ni wakati wa wali wa nazi kwa samaki, au ugali kwa mchunga, ile mboga chungu ambayo mpwani haachi. Siku ya Ijumaa, baada ya swala, mikahawa mingi hupika pilau au biriani. Wageni huchanganya vyakula hivi viwili. Katika pilau, mchele hupikwa pamoja na nyama na viungo ndani ya sufuria moja. Katika biriani, nyama na rojo lake hupikwa kando, kisha huliwa kwa wali uliopikwa peke yake.

Alasiri ni saa ya vitafunio: viazi karai, bhajia, na mihogo ya kukaanga au kuchoma yenye pilipili na ndimu. Watu wengi hufuata vyakula hivi kwenye bustani ya Mama Ngina, ambapo upepo wa bahari ni wa bure. Jua likizama, makaa huwashwa kwa mishkaki na mikate ya mayai, na muuza kahawa hutoka na dele lake. Kahawa hiyo chungu hunywewa kwa kikombe kidogo, pamoja na kashata, tende au haluwa.

Mwezi wa Ramadhani ratiba hubadilika. Mikahawa mingi ya Mji wa Kale hufungwa mchana, na kuanzia alasiri barabara hujaa kaimati, sambusa, vitumbua na mkate wa sinia kwa ajili ya futari. Asiyefunga hakatazwi kununua, ila ni adabu kutokula hadharani mbele ya waliofunga.

Uliza swali linalofaa

Ukimuuliza dereva wa tuktuk, “Mkahawa mzuri uko wapi?” atakupeleka mahali anapodhani wageni hupapenda, ambapo mara nyingi bei ni ya wageni. Muulize hivi: “Kaka, wewe mwenyewe mchana hula wapi?” Dereva, karani wa soko au mlinzi wa benki hula nje kila siku kwa fedha yake. Hana muda wa kupoteza, na hawezi kumudu kuugua. Jibu lake lina uzito.

Ukifika, tazama nani anakula. Kibanda chenye wateja wa kila siku huuza haraka, hivyo chakula hakikai. Meza tupu saa saba mchana, ilhali jirani wamejaa, zinapaswa kukufanya ufikiri.

Usibabaishwe na sura ya jengo. Vigae vinavyong’aa havioshi sahani, na paa la makuti halileti ugonjwa. Kuna mama anayepika chini ya mwembe kwa usafi wa kupigiwa mfano, na kuna jiko la gharama nyuma ya ukuta mzuri ambalo mteja halioni kamwe.

Maji ni jambo la kwanza

Kaunti ya Mombasa haina chanzo kikubwa cha maji ndani ya mipaka yake. Maji ya mfereji hutoka mbali: Mzima kule Taita Taveta, Baricho kule Kilifi, na Marere na Tiwi kule Kwale. Hayatoshi mahitaji ya jiji, kwa hiyo biashara nyingi za chakula hutumia pia visima na maji ya mikokoteni. Hapo ndipo hatari ilipo, kwa sababu kipindupindu na homa ya matumbo husafiri kupitia maji na chakula vilivyochafuliwa na kinyesi.

Kwa hivyo, kabla ya kutazama menyu, tazama maji. Je, kuna mahali pa kunawa mikono, maji yakitiririka, na sabuni ipo? Sahani zinaoshwa kwa maji yanayobadilishwa, au beseni moja limekuwa jeusi tangu asubuhi? Maji ya kunywa yamefunikwa? Unaweza kuuliza kwa upole, “Mama, maji haya yamechemshwa?” Mfanyabiashara makini hatakasirika.

Vitu viwili vinahitaji uangalifu zaidi. Cha kwanza ni kachumbari, kwani hailiwi ikiwa imepikwa, na usafi wake ni usafi wa maji yaliyoioshea na mikono iliyoikata. Cha pili ni barafu inayotiwa katika juisi ya miwa, ukwaju au maembe. Kuganda hakuui vijidudu vyote. Kama hujui maji ya barafu yalitoka wapi, omba juisi isiyo na barafu, au nunua dafu. Maji ya dafu yamefungwa ndani ya kifuu chake hadi linapokatwa mbele ya macho yako.

Chakula cha moto kiwe moto

Shirika la Afya Duniani (WHO) hushauri kwamba chakula kilichopikwa kisikae kwenye joto la kawaida kwa zaidi ya saa 2. Vijidudu huongezeka haraka kati ya nyuzi 5 na 60 za Selsiasi, na joto la Mombasa, mchana na usiku, limo humo humo. Sufuria inapaswa kuwa juu ya makaa, mvuke ukitoka, na kifuniko juu yake.

Wali na pilau vina jambo lake. Katika mchele kuna kijidudu ambacho mbegu zake hustahimili kuchemshwa. Wali ukiachwa mezani kwa saa nyingi, mbegu hizo huamka na kutoa sumu ambayo haiharibiki hata ukipashwa moto tena. Ndiyo maana pilau ya jana iliyolala nje inaweza kukutapisha ijapokuwa imeletwa ikifuka mvuke.

Mapishi ya nazi nayo huchacha upesi. Mbaazi zikiwa na uchachu kidogo ulimini au povu juu, ziache. Kwa vyakula vya kukaanga, angalia mafuta yenyewe: yakiwa meusi, mazito, yenye povu na harufu kali, yametumika kupita kiasi. Viazi karai vizuri hutoka kwenye karai ukiwa umesimama hapo, wala havirundikwi sinia moja na nzi.

Samaki wana msimu

Mgeni hushangaa kusikia samaki ni adimu mjini penye bahari. Sababu ni upepo. Wakati wa Kusi, takriban Aprili hadi Septemba, bahari huchafuka na mashua ndogo hupunguza safari, hivyo samaki hupungua na bei hupanda. Wakati wa Kaskazi, kati ya Novemba na Machi, bahari hutulia na samaki huongezeka. Muuzaji akikuambia bei imepanda mwezi wa Julai, huenda hakulaghai.

Mikahawa mingi hukuruhusu kumchagua samaki kabla hajapikwa. Tumia nafasi hiyo. Samaki mbichi ana macho angavu yaliyojaa, matamvua mekundu, na nyama inayorudi ukiibonyeza. Harufu yake ni ya bahari. Macho yakizama na harufu ikiwa kali, badala yake agiza maharagwe.

Jodari, nguru na vibua wanahitaji barafu tangu wanapotolewa majini. Wakikaa juani, nyama yao hutengeneza kemikali inayosababisha uso kuwa mwekundu, mwasho, kichwa kuuma na kutapika. Kupika hakuiondoi kemikali hiyo, wala pilipili na ndimu haviisaidii. Ukiuliza, “Samaki huyu amekaa kwenye barafu tangu lini?” umeuliza swali la mtu anayejua.

Karatasi zilizo ukutani

Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linazipa kaunti jukumu la kutoa leseni na kusimamia biashara zinazouzia umma chakula. Jukumu hilo hutekelezwa na maafisa wa afya ya umma, wakiongozwa na Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, na Sheria ya Chakula, Dawa na Kemikali, Sura ya 254.

Mteja ana haki ya kutazama vitu vitatu. Kwanza ni kibali cha biashara cha mwaka huu. Pili ni leseni ya usafi ya jengo linalouza chakula. Tatu ni cheti cha afya cha kila anayegusa chakula, kuanzia mpishi hadi mhudumu. Cheti hicho hutolewa baada ya uchunguzi na hupaswa kufanywa upya kila baada ya miezi 6. Soma tarehe, kwani cheti cha mwaka juzi ni pambo tu.

Bei na malipo

Uliza bei kabla ya kuagiza, hasa ya samaki na kamba, ambao huuzwa kwa ukubwa au kwa kilo. Katika mikahawa mikubwa, uliza kama bei ya menyu inajumuisha kodi ya VAT ya asilimia 16 na ushuru wa utalii wa asilimia 2, ili bili isikushtue. Ukilipa kwa simu, soma jina linalojitokeza na ulilinganishe na jina la biashara. Chukua risiti, kwani ukiwa na malalamiko ndiyo ushahidi wako.

Beba pia mkoba wako au chombo chenye kifuniko. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini tarehe 28 Agosti 2017, na viazi vilivyofungwa kwenye gazeti kuukuu hubeba wino na vumbi.

Ukiugua

Ukianza kuhara au kutapika, kinachoua haraka ni kupoteza maji. Kunywa maji yenye chumvi maalumu ya ORS. Usipoipata, changanya lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, unywe kidogo kidogo. Mharo ukiwa kama maji ya mchele, ukiwa na damu, au mgonjwa akiwa mtoto mdogo, mzee au mjamzito, nenda kituo cha afya bila kungoja. Dalili za kipindupindu huweza kuanza kati ya saa chache na siku 5 baada ya kula au kunywa kilichochafuliwa. Kwa hivyo mweleze daktari ulichokula siku zote hizo, si mlo wa mwisho pekee.

Kisha toa taarifa kwa ofisi ya afya ya umma katika kaunti ndogo uliyopo: Mvita, Nyali, Kisauni, Likoni, Changamwe au Jomvu. Eleza mahali, siku na chakula. Watu wengi hunyamaza kwa kuhofia kumharibia mtu biashara. Lakini ukinyamaza, wateja wa kesho wataketi meza ileile, na mlipuko ukitokea, vibanda vya mtaa mzima huweza kufungwa, hata vya wale waliokuwa wasafi.

Kwa wenye biashara

Mama anayekaanga bhajia hulipia karo kwa karai lile. Mlipuko mmoja wa ugonjwa humnyima kipato cha wiki kadhaa, hata kama hakuusababisha. Ndoo yenye mfereji na sabuni, kifuniko cha sufuria, koleo la kushikia chakula na cheti ambacho hakijapitwa na wakati ni gharama ndogo zikilinganishwa na hasara hiyo. Viweke mahali mteja atakapoviona.

Nawe mteja, ukikuta kibanda kilicho safi, rudi tena na umlete mwenzako. Muuzaji huyo hana mabango barabarani, na neno lako ndilo tangazo lake.