Ukikuta sarafu ya Zambia kwenye chenji, tazama mwaka

Umerudishiwa chenji Sumbawanga, kufika nyumbani unakuta sarafu ya Zambia imo. Si ajabu, mpaka wa Kasesya hauko mbali.

Kabla hujafurahi, tazama mwaka. Sarafu ya kwacha 10 ya 1992 ina picha ya faru, kama shilingi 50 ya Tanzania, hivyo ni rahisi kukupita. Lakini mwaka 2013 Zambia ilifuta sifuri tatu kwenye pesa yake. Kwa hesabu hiyo, kwacha 10 ya zamani ni ngwee 1 tu, na kwacha moja ina ngwee 100. Hainunui hata pipi.

Kagua chenji kabla hujatoka dukani. Ikishakuingia, itunze kama kumbukumbu.